Kani ya Makina

"Inatangazwa kwa wakazi wote wa Makina, wenye nyumba na wapangaji, waliosoma na waliosamehewa kusoma, kwamba mwana wenu Yasin Murjan, mjukuu wa Sitelbanat, Jumatano hii saa nne asubuhi atasimama mbele ya wasomi wa chuo kikuu na kuwaeleza ni nini kinachousukuma upepo wa jua. Upepo huo hutoka juani kwa kasi ya kilomita mia saba kila sekunde. Mwana wenu ameukamata. Anayetaka kumwombea, na amwombee. Pia mbuzi wa kahawia amepotea, ana kamba shingoni."

Mtangazaji alikuwa Abdulmajid. Hana cheo wala mshahara. Ana kipaza sauti cha mkononi na mapafu ya kukitosha. Akipita vichochoroni watu hunyamaza, kwa sababu asipotangaza mtoto aliyepotea hutangaza mtu aliyefariki, na hakuna anayetaka kupitwa na jina. Mbuzi aliongezwa na Abdulmajid mwenyewe. Maneno mengine yote yalikuwa ya Yasin, kwa mwandiko wa Yasin, na pale penye "ameukamata" alikuwa amefuta mara tatu. Mwanzo aliandika "ameuchunguza". Akaona neno hilo linanuka woga.

Ukweli ni kwamba Yasin, akiwa na miaka ishirini na sita, hakuwa amewahi kukamata kitu tangu azaliwe isipokuwa homa ya matumbo, nayo ndiyo iliyomkamata yeye. Alikuwa msaidizi wa Munyao, fundi wa meko kule kituo cha matatu cha Kawangware 46, Mkamba wa Machakos mwenye mikono kama koleo. Kazi ya Yasin ilikuwa kushika bati upande wa pili lisicheze. Alilala kwenye chumba kimoja cha kupanga huko Kabiro, na kila Ijumaa baada ya sala alifika Makina kumwona nyanya yake, ambaye kwa desturi ya Wanubi alimwita habuba.

Lakini miaka mitatu nyuma alikuwa mwanafunzi wa fizikia, mwaka wa pili, na hakufukuzwa. Ingekuwa heri angefukuzwa. Aliacha mwenyewe, kwa barua.

Ilikuwa hivi. Aliazima kitabu cha nyota, akasoma sura mbili, akakuta anazielewa, na jambo hilo likamharibu kabisa. Wakati uleule kulikuwa na somo lililoitwa Vipimo na Makosa, likifundishwa na Daktari Adero, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kuipandisha kwa kuwa hakuwahi kuihitaji. Kwa wiki nne Daktari Adero aliwapimisha meza. Meza ileile. Yasin aliipima mara moja, akapata jibu, akaona mara ya pili ni dharau. Akaketi akaandika: "Kwa wanaohusika na wasiohusika. Nilikuja chuoni kutafuta ulimwengu, nikapewa meza. Meza nimeshaijua. Naondoka." Akaipeleka idarani, akarudi bwenini, akangoja kufuatwa. Alingoja siku tatu, godoro likiwa limeshafungwa kamba. Siku ya nne alikuja mlinzi, na alichotaka ni ufunguo wa chumba.

Habuba aliambiwa yuko likizo ya utafiti. Sitelbanat alikubali, ila kila Idi alimuuliza likizo inaisha lini, na kila Idi Yasin alimjibu kwamba utafiti hauna haraka.

Kilichomrudisha kwenye fizikia kilikuwa kiburi kilekile kilichomtoa. Siku moja saa ya chakula, akiwa amekalia mdomo wa jiko lisilomalizika, alisoma kwenye simu kwamba hata wasomi wakubwa bado wanabishana ni nini hasa kinachoupa upepo wa jua kasi yake. Moyo ukamruka. Wao hawajui, na yeye hajui. Basi wako sawa.

Munyao, ambaye hapendi mtu afurahi kwenye karakana yake bila sababu, aliomba kuelezwa. Yasin akamweleza huku wanakata bati. Uso wa jua, alisema, una joto la digrii elfu tano na mia tano. Munyao akasema sawa. Lakini ukipanda juu ya uso huo, kwenye taji lake, unakuta digrii milioni na zaidi. Munyao akaweka mkasi chini. Ametengeneza meko miaka kumi na tisa na hajaona jiko ambalo ukirudi nyuma hatua mbili ndipo unaungua.

"Hilo jiko liliharibiwa na fundi," akasema.

Yasin akaendelea, kwa kuwa hakuna aliyemzuia. Kwenye joto kama lile atomi haivumilii; huvua elektroni zake kama watu mlangoni pa msikiti wanavyovua viatu, miguu kule, viatu huku, ila hakuna kinachokwenda mbali na mwenzake. Rabsha hiyo ndiyo plazma. Plazma hufuata nyuzi za sumaku za jua kama shanga zinavyofuata uzi. Nyuzi nyingine hujipinda zikarudi juani, na shanga zikarudi nazo. Nyingine zimeachwa wazi kuelekea angani, na pale palipo wazi, picha za jua huonyesha doa la giza kama paa lililong'oka bati. Humo tunduni ndimo upepo wa kasi unamotoka.

Kuhusu kinachousukuma: joto la taji husukuma nje, uzito wa jua huvuta ndani. Kadiri upepo unavyopanda ndivyo mvuto unavyolegea, nao ukazidi kukaza mwendo, hadi unaipita kasi ya sauti, na ukishaipita haurudi. Hapo hakuna ubishi. Ubishi ni kwamba joto peke yake halitoshi. Hesabu za joto hutoa upepo wa kilomita mia nne na ushee, na upepo wa tunduni hukimbia karibu mia saba. Kuna mkono mwingine unaousukuma. Wengi husema ni mawimbi yanayopanda kwenye nyuzi za sumaku, jua linapozitikisa kutoka chini, kama habuba anavyoshika mkeka kwa pembe mbili akaukung'uta, makombo yakaruka mpaka kwa jirani.

"Kwa hivyo wewe unataka kujua makombo yanaruka kwa speed gani," Munyao akasema.

"Na kwa nini."

"Na jiko la Mama Lenah, unataka kujua litaisha lini?"

Jiko la Mama Lenah lilichelewa wiki mbili. Yasin alikuwa ameshapata laptopu nzee, yenye feni inayolia kama nzi ndani ya chupa, na kila jioni aliandika mfano wake: jua la hesabu, taji la hesabu, mawimbi ya hesabu. Mwezi wa kwanza upepo wake ulitoka juani, ukasitasita, ukarudi ndani kama mtu aliyesahau funguo. Mwezi wa pili ulitoka ukaipita kasi ya nuru, jambo ambalo sheria haziruhusu hata Kawangware. Mwezi wa nne ulitulia. Ulitoka, ukapita kasi ya sauti mahali panapostahili, ukafika duniani kwa kilomita mia sita na sitini kila sekunde. Yasin alitoka nje akalitazama jua kwa jicho la mwenye nyumba.

Basi akajipeleka kwa Daktari Adero.

Daktari Adero alikuwa na ile barua. Alikuwa ameitia kwenye mfuko wa plastiki, na ilionekana imetolewa na kurudishwa mara nyingi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamweleza masharti bila kupandisha sauti: mtu aliyetoka kwa hiari yake anaweza kurudi kabla miaka mitatu haijatimia, na yake ilikuwa ikitimia mwezi wa tisa. Idara ingemsikiliza mara moja tu. Aje na mfano wake, lakini pia aje na vipimo alivyovifanya mwenyewe vya upepo unapofika. Vya kupakua kutoka kwa satelaiti za watu, alisema, kila mtu anapakua. Asipokuja na vyake, au vikikataana na mfano wake, jina lake litafutwa kwenye vitabu na halitaandikwa tena.

Huo ndio mtego aliojiingiza, na hata yeye alijua kwamba chambo alikitega mwenyewe.

Upepo wa jua haupeperushi nguo. Ukifika hugonga sumaku ya dunia, na sumaku ya dunia ikigongwa hutikisika kidogo sana, kiasi cha kuyumbisha sindano ya dira kwa unene wa unywele. Yasin alitoa sumaku ndogo kwenye spika mbovu, akaibandika kipande cha kioo, akaining'iniza kwa uzi mwembamba ndani ya mtungi wa siagi ya karanga. Akaielekezea katochi ka mwanga mwekundu, na mwanga ukaruka kutoka kiooni kwenda ukuta wa mbali, ukafanya nukta. Sumaku ikiyumba unywele, nukta ilisogea sentimita nzima. Lakini kilihitajika chumba kirefu, kisicho na magari ya kupita wala vyuma vya kucheza. Kabiro chumba chake kiliisha kabla mwanga haujapata nafasi ya kusogea, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mtu wa kuchomelea mageti.

Sebule ya Sitelbanat ilikuwa ndefu. Ni nyumba ya zamani, ya udongo na mabati, iliyojengwa wakati Wanubi walipokuwa bado wanauita mtaa huu msitu, na kila kizazi kiliongeza chumba upande uleule. Yasin akaweka mtungi mwisho mmoja, akaufunika kawa la ukili, lile la rangi tano la kufunikia chapati za gurusa wageni wanapokuja, ili upepo wa mlangoni usiuguse. Ukutani akabandika rula. Akamkabidhi habuba daftari lenye safu mbili alizozipiga mstari: SAA na SENTIMITA. Kila ukipata nafasi, habuba, soma nukta iko wapi, uandike.

"Na likizo itaisha?" akauliza Sitelbanat.

"Daftari likijaa."

Sitelbanat alikuwa na miaka sabini na minne na hakuwa ameachiwa kazi ya maana tangu wajukuu wakue. Alilishika lile daftari kama amana. Kwa miezi saba hakuna mtoto aliyekimbia sebuleni, hakuna mgeni aliyeketi karibu na mtungi, na jirani aliyekuja na sufuria alielekezwa aiache nje, kwa sababu sufuria, alisema habuba, inasumbua jua. Aliamka kwa sala ya alfajiri, na akishamaliza alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe, akasoma nukta. Akaendelea hivyo kila saa hadi alipolala. Kila Ijumaa Yasin alilipiga picha daftari na kurudi nalo Kabiro ndani ya simu.

Matundu ya jua aliyasoma kwenye picha za satelaiti, ambazo ziko wazi kwa kila mtu, na saa zake zimeandikwa kwa saa ya dunia. Hapo Yasin alikuwa mwangalifu kama mfamasia. Aliongeza saa tatu ili zilingane na Nairobi, akakagua, akakagua tena. Kisha akahesabu: tundu lilitutazama saa fulani, nukta ya habuba ikaruka saa fulani, katikati hapo kuna kilomita milioni mia na hamsini, gawanya. Alifanya hivyo kwa matundu tisa.

Wastani ukatoka saa hamsini na saba za safari, yaani kilomita mia saba na thelathini kila sekunde.

Mfano wake ulisema mia sita na sitini.

Yasin hakulala vizuri wiki nzima. Alikagua mawimbi, akakagua joto, akakagua mvuto. Hakukagua daftari, daftari lilikuwa la habuba. Na wiki ya pili, akiwa ameshika bati la Munyao, ikamjia, kama mambo ya aina hiyo yanavyowajia watu walioacha shule, kwamba kosa si lake. Kosa ni la fizikia. Kuna kani ya tatu inayousukuma upepo, ambayo wasomi wote hawajaiona, na ndiyo inayoleta zile kilomita sabini. Akaiingiza kwenye mfano. Mfano ukatoa mia saba na thelathini barabara. Akaipa jina: kani ya Makina.

Kulikuwa na mambo mengine mawili kwenye daftari ambayo yangemstua mtu mnyenyekevu. La kwanza, nukta ilikuwa na kawaida ya kusogea taratibu kila siku na kurudi, na kwenye grafu ya Yasin msogeo huo ulitokea usiku wa manane ukaisha asubuhi. Aliuandikia aya nzima, akaiita athari ya Makina. La pili lilihusu habuba mwenyewe. Kwa mujibu wa daftari, Sitelbanat hakuwa akisoma nukta kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka karibu saa sita usiku. Yasin akajua ni mambo ya magharibi na isha, na tamthilia za televisheni. Lakini kuanzia saa sita ya usiku alisoma tena, na saa saba, na saa nane, na saa tisa, bila kukosa, siku zote. Yasin alipoona hivyo machozi yalimlenga. Mwanamke wa miaka sabini na minne anaamka kuswali tahajudi kila usiku, na akimaliza rakaa anasoma nukta ya mjukuu wake.

Hakuweza kulificha jambo hilo. Alimwambia Abdulmajid, na kumwambia Abdulmajid ni sawa na kumwambia ukuta wenye masikio na kipaza sauti. Baada ya muda akina mama wa Makina wakaanza kumpisha Sitelbanat mahali pazuri kwenye maulidi, na wawili watatu walimletea watoto wagonjwa awaguse kichwa. Sitelbanat hakusema ndiyo wala siyo. Aliwagusa.

Jumatano ikafika. Munyao alimpa ruhusa kwa masharti kwamba akirudi profesa asisahau kushika bati, akamkopesha koti lenye harufu ya rangi ya mafuta. Chumbani idarani walikuwa wawili: Daktari Adero, na Profesa Muiruri, mkuu wa idara, mzee mwenye desturi ya kufumba macho akisikiliza. Yasin alianza saa nne kamili. Alieleza taji, plazma, nyuzi na mawimbi, hata mkeka akautia. Muiruri alifumbua jicho moja kwenye mkeka. Kisha Yasin akaionyesha kani ya Makina.

Daktari Adero alimwomba arudi kwenye grafu ya siku moja. Akasema kwamba kila mahali duniani sindano ya sumaku huyumba kidogo mchana, kwa sababu jua huichemsha anga ya juu na kuamsha mikondo ya umeme, na usiku hutulia. Watu wamelijua hilo kwa karne nyingi.

"Yako inayumba gizani, na jua likipanda inatulia. Unaelezaje?"

Yasin akasema hiyo ndiyo athari ya Makina, ukurasa wa kumi na moja.

"Nipe daftari lenyewe."

Akampa. Daktari Adero alifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa ishirini, akipitisha kidole kwenye safu ya SAA. Kila ukurasa ulianza na 12. Akauliza nani aliyeandika. Yasin akasema kwamba ni nyanya yake, mcha Mungu, anayeamka saa sita ya usiku kila siku iendayo kwa Mola.

"Na saa kumi na moja jioni anakuwa wapi?"

"Huwa na shughuli."

"Miezi saba?"

Daktari Adero akasukuma simu ya Yasin mezani kuelekea kwake, polepole. "Mpigie. Weka kwa sauti. Muulize saa hizi ni saa ngapi."

Simu iliita mara mbili. Sitelbanat aliitikia kwa salamu ndefu, akauliza kama wameshampa cheti, akaambiwa bado.

"Habuba, saa hizi ni saa ngapi?"

"Kwani simu yako haina saa?"

"Niambie tu."

Alisikika akigeuka kutazama ukutani. "Saa nne na robo. Hii ya nne nimeshaiandika, nukta iko kumi na nane."

Saa ya ukutani pale idarani ilikuwa juu ya kichwa cha Muiruri, na mshale wake mfupi ulikuwa kwenye kumi. Yasin aliutazama. Amezaliwa kwa saa hii ya Kiswahili, amekula kwayo, amepigwa kwayo alipochelewa kutoka madrasa. Tangazo la Abdulmajid aliliandika mwenyewe na humo akatia saa nne asubuhi, na leo amefika saa nne asubuhi bila kukosea hata dakika. Lakini alipoketi mbele ya laptopu akawa Mwingereza. Kumi na mbili ya alfajiri, ambayo kwa habuba ndiyo siku inapofunguka, yeye aliisoma usiku wa manane. Kila nukta katika miezi saba aliipeleka nyuma saa sita. Upepo wa jua ulifika Makina kwa wakati wake, na Yasin akauandika umefika mapema.

"Habuba," akasema, kwa kuwa kidonda kikishafunguka mtu hukitazama mpaka chini, "saa nane za usiku huwa unaamka?"

"Niamke nifanye nini?"

"Tahajudi."

"Hiyo ulisema wewe. Mimi nilinyamaza tu." Akakata simu, maana saa nne na robo ana maharage motoni.

Profesa Muiruri alikuwa amefumbua macho yote mawili. Mabega yake yalikuwa yakitikisika na ilimbidi atazame dirishani kwa heshima ya kazi. Yasin alichukua laptopu. Hakuomba ruhusa, aliongeza saa sita kwenye kila mstari wa safu ile, akahesabu upya. Wastani wa safari ukatoka saa sitini na tatu. Akagawanya. Kilomita mia sita na sitini na moja. Kisha akaenda kwenye mfano, akaitafuta kani ya Makina, akaifuta, na hakukuwa na mtu chumbani aliyehitaji kuambiwa namba itakayobaki.

"Mia sita na sitini," alisema hata hivyo.

"Mfano wako ulikuwa sawa kabla hujaurekebisha," akasema Daktari Adero.

"Ndiyo, Daktari."

"Na usifurahi sana. Matundu tisa ni machache, na tundu lenyewe huchukua siku nzima kupita mbele yetu. Umeangukia karibu. Hujathibitisha kitu."

"Ndiyo, Daktari."

Wakamtoa nje. Alikaa kwenye benchi la korido dakika arobaini, akihesabu vigae vya sakafu mara moja, halafu, kwa sababu hakuwa na la kufanya, akavihesabu mara ya pili. Ikatoka idadi nyingine. Akahesabu mara ya tatu. Daktari Adero alipofungua mlango alimkuta akihesabu mara ya tano, na inawezekana kwamba hilo ndilo lililomsaidia kuliko mfano wenyewe, ingawa hakuna aliyelisema.

Uamuzi ulikuwa mfupi. Anarudishwa. Si mwaka wa tatu kama alivyoomba, bali wa pili, pale alipoachia. Ataanza na Vipimo na Makosa. Meza bado ipo. Na lile daftari, Daktari Adero alisema akilishika kwa mikono miwili, libaki idarani kwa muda, kwa sababu amefundisha miaka kumi na saba na hajaona mwanafunzi aliyesoma kipimo kila saa kwa miezi saba asiruke hata siku moja. Amwambie nyanya yake hivyo. Amwambie pia kwamba saa zake zote zilikuwa sahihi.

Yasin alifika Makina jua likiwa linaelekea kuchwa, koti la Munyao begani. Aliambiwa njiani kwamba mbuzi amepatikana. Mbele ya nyumba ya habuba walikuwa wamekaa watu, si wengi, lakini wa kutosha kumwaibisha mtu: majirani, akina mama wa maulidi, na Abdulmajid kwenye kiti, kipaza sauti mapajani kama mtoto. Sitelbanat alikuwa mlangoni, kawa la rangi tano limerudi kwenye kazi yake juu ya gurusa. Yasin alimwinamia akamnong'oneza kwamba likizo imeisha, na kwamba daktari mmoja wa chuo amezisifu saa zake. Sitelbanat akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua tangu zamani, akamwuliza kama wamempa chakula.

Abdulmajid akasimama. Akawasha kipaza sauti, kikalia, akakipiga kofi kikanyamaza. Alitangaza kwamba mwana wenu amerudi salama, na kwamba yale yaliyosubiriwa sasa yatasikika. Akakisogeza kipaza sauti kwenye mdomo wa Yasin.

"Haya. Watu wanangoja. Upepo wa jua unasukumwa na nini?"

"Sijui," akasema Yasin, na vichochoro vyote vikamsikia. "Jumatatu naanza kufundishwa kusoma saa."